Risasi Isiyokubali Bunduki Nyingine

Watu wa Butembo wanacheka nikiwaambia nimestaafu. Wanatazama kichwa changu, hawaoni mvi, wanauliza ni ugonjwa gani. Si ugonjwa. Ni kazi iliyokufa kabla yangu. Serikali imefunga biashara ya bunduki na risasi katika sehemu zetu, na kwa kuwa sikuajiriwa kwa jambo lingine, nimeondoka pamoja nayo. Mwezi ujao naanza kufundisha hesabu huko Lubero. Lakini ninyi wadogo zangu mnaobaki dukani kuuza vitenge, chumvi na betri za redio mmeniuliza mara nyingi kulikuwa na nini nyuma ya pazia pale mnapoweka magunia sasa, na kwa nini wafanyabiashara wa Beni wakipita bado wanauliza habari za zile risasi, "masasi ya Ilunga". Nawaandikia. Habari za mshahara na cheo naziruka. Mshahara mnaujua, na cheo nilikuwa na kimoja tu, cha siku ya kwanza na cha siku ya mwisho.

Nilirudi kutoka chuo kikuu uhuru ukiwa bado mchanga, nina diplome ya biashara na shati jeupe ambalo mama alilipiga pasi mara mbili. Papa Katembo alikuwa amelinunua duka hili kwa Mgiriki aliyeondoka haraka, na ndani yake alikuta sehemu ya silaha za wawindaji ambayo hakuwa ameiomba. Aliniangalia toka viatu mpaka kola.

"Unajua nini ya bunduki?"

"Sijui kitu, Papa."

"Ni muzuri. Wale wanajua, wanapenda kuzishika-shika."

Akanipeleka nyuma ya pazia, kwa Mzee Kasereka, fundi wa bunduki, aliyejifunza chuma katika karakana ya wamisionari. Mezani kwake kulikuwa na tupa za kila unene, brosi za nywele za nguruwe, ufito wa shaba, na chupa ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya mawese hakuyaruhusu yakaribie meza, hata katika chakula. Alikula mchana wake nje, akanawa, ndipo akarudi. Wiki ya kwanza nilisugua mitutu ya bunduki za wawindaji za kalibri douze mpaka shati la mama likawa nguo ya kufutia.

Jambo kubwa alilonifundisha ni maganda. Katika duka letu hakuna mtu aliyeuziwa risasi mpya bila kurudisha maganda ya zile za zamani. Sheria ilikuwa ya wakati wa Wazungu: kila risasi iliyotoka ilipaswa kuonekana tena, tupu, ili biro ya teritware, yaani ofisi ya wilaya, ijue haikupewa mtu mwingine. Siku ya kwanza nilimwona mkulima wa Kalunguta, mwenye ruhusa ya kulinda shamba lake na nyani, amesimama mbele ya meza mikono mitupu.

"Maganda iko wapi?" Mzee Kasereka alimwuliza.

"Bibi alichukua, Mzee. Anaweka shindano yake ya kushona ndani."

"Basi umwambie bibi akuuzishe na masasi."

Watu walicheka, mkulima naye akacheka, kisha akatembea njia yote kurudi Kalunguta kuyafuata. Mimi sikucheka. Nilimwuliza Mzee Kasereka: Wazungu wamekwenda, sheria yao inabaki kwa nini? Ganda linaonyesha risasi imepigwa, je, linaonyesha ilipigwa kwa nani? Na mtu akiokota ganda la mwenzake akalileta? Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipuliza vumbi kwenye kufuli ya bunduki.

"Ganda haijue kusema bongo, haijue kudanganya," akasema. "Ile tu. Sasa kamata brosi."

Tangu siku hiyo aliniita Bwana Ju-ya-Nini, yaani Bwana Kwa-Nini, na jina likatoka nyuma ya pazia likaenda mpaka sokoni.

Niliuliza hivyo kwa muda, mpaka ikaja barua kutoka kiwanda kimoja cha Ulaya. Walikuwa wametengeneza risasi mpya kwa ajili ya bastola ndogo, bastola ya kukaa katika mfuko wa koti. Risasi ilikuwa fupi na nene, lakini walisema ina nguvu kuliko umbo lake. Walituma bastola moja na sanduku la risasi za mfano, na swali moja: je, bidhaa hii inaweza kupata soko katika mashariki ya Kongo? Kama jibu ni ndiyo, Papa Katembo angekuwa mwakilishi wao pekee kutoka Bunia mpaka Bukavu. Papa Katembo alinikabidhi barua kwa vidole viwili, kama kitu cha moto.

"Wewe ndiye ulisoma. Tembea, uliza, kisha unijibie. Lakini nataka ndiyo."

Mzee Kasereka aliipenda risasi ile. Alikuwa akiigeuza mchana mzima juani, akinionyesha jinsi shaba ilivyokatwa bila kovu. "Mutu alifanya hii na roho yake," alisema. Nilimwambia roho ya fundi haimwambii mteja kitu. Alininunia mpaka jioni.

Nikatembea. Mkulima yule wa Kalunguta aliitazama bastola kiganjani mwangu na kuniuliza kama nyani atakufa kwa risasi au kwa kicheko. Huko Mbau, mama mmoja aliyeuza mawese kando ya barabara ya Oicha alinipa jibu ambalo hata profesa wangu mmoja asingelifikiria. Alikuwa ameibiwa mara nyingi, kwa hiyo nilidhani yeye ni mteja.

"Mwizi haogope kitu haone," akasema. "Panga yangu iko hapa juu ya meza, kila mutu anaiona. Yako imejificha mu mufuko. Atajuaje kama inafaa akimbie?"

Beni, wafanyabiashara waliuliza wote swali lile lile: ikiisha, nitapata nyingine wapi? Niliwaambia kwa Papa Katembo, Butembo. Na njia ikifungwa? Hilo nililiandika katika daftari. Bunduki inaweza kuishi kwa babu, baba na mtoto, lakini risasi ni kama chumvi, lazima uikute kila soko. Hii haikuingia katika bunduki yoyote nyingine, na hakuna risasi nyingine iliyoingia katika bastola yake. Nani atanunua chungu kinachopika aina moja tu ya maharagwe?

Mtu mmoja tu aliitaka. Aliitwa Ilunga, mtu wa forodha kule Kasindi, mpakani. Alitoka Katanga. Serikali ilimtuma kwetu naye akaja na mke wake, Mama Julienne, bila ndugu wala lugha ya Kinande. Alikuwa mpole, mwenye kukata kucha zake vizuri, na kosa lake kubwa mbele ya watu wa mpaka ni kwamba alifungua kweli mizigo. Waliokuwa wakipitisha kahawa kwa njia ya majani, mbali na forodha, walikuwa wamekwisha kumtupia mawe juu ya nyumba.

"Sitaki kuua mutu, Monsieur Muhindo," aliniambia. "Nataka tu nikitembea nijue niko na kitu."

Teritware ikamwandikia ruhusa, nasi tukamwachia bastola na sehemu ya risasi kwa majaribio. Baada ya muda alikuja Butembo kuomba nyingine. Mzee Kasereka akanyoosha mkono kungoja maganda. Ilunga akaweka mezani machache.

"Na ingine?"

"Zimeruka, Mzee."

Hapo ndipo tulipolielewa jambo ambalo mimi na diplome yangu, na yeye na tupa zake, hatukuwa tumelifikiri. Bunduki ya mwindaji unaikunja na kutoa ganda kwa vidole. Bastola hii ililitupa ganda yenyewe, mbali, kila ilipopigwa. Ilunga alikuwa amejizoeza kando ya mto Lubiriha, akilenga kopo la maziwa, na maganda yakapotelea katika majani marefu.

"Kopo ulipata?" nikauliza.

"Kopo iko muzima," akajibu. "Bibi anaweka chumvi ndani."

Tulicheka sote watatu. Lakini Mzee Kasereka hakumpa risasi nyingine. Kwangu ripoti ilikuwa imejiandika yenyewe: risasi ambayo ganda lake huruka haiwezi kuwa na mteja mahali ambapo bila ganda huuziwi. Nilikuwa bado natafuta njia ya kumwambia hivyo Papa Katembo aliyetaka ndiyo, waasi walipofika.

Sitaandika mengi juu ya miezi ile. Kila mmoja wenu ana nyumba ambamo mtu hakurudi. Nitasema habari ya kabati yetu tu. Kwanza wanajeshi waliokuwa wakikimbia walipita dukani wakachukua bunduki na risasi za douze. Wakaliona sanduku la risasi fupi, wakajaribu moja katika silaha zao, wakalitupa chini. Kisha waasi wakaja, wakakuta kabati tupu na sanduku sakafuni. Nao wakajaribu, nao wakalitupa. Mzee Kasereka aliziokota zote moja moja akazifuta. Alisema zimedharauliwa na pande mbili, na hakuna kiumbe anayestahili hivyo.

Waasi waliwatafuta watumishi wa serikali, kwa hiyo Ilunga na mke wake walivuka kwenda Uganda, na bastola ikavuka nao ndani ya mtungi wa unga. Jeshi lilipoitwaa tena Beni, Kapiteni mmoja aliyetoka Equateur alitoa amri: kila mwenye silaha ya ruhusa aje aionyeshe, pamoja na risasi zake au maganda yake. Watu wenye akili walikaa kimya kwanza waone. Ilunga alirudi toka Uganda kwa ajili ya amri hiyo. Alikuwa mtu wa namna hiyo: akisoma tangazo, alijua limeandikwa kwake.

Habari tuliletewa na Mama Julienne. Aliingia dukani asubuhi, vumbi mpaka kwenye nyusi, akakataa kiti.

"Wamemutia bwana yangu mu kasho. Ju ya maganda. Kapiteni anasema masasi yenye haiko, alipatia waasi."

Hakuna aliyemwuliza inamaanisha nini. Wakati ule, walioingia katika kasho, mahabusu ya Beni, kwa neno hilo walitoka siku moja au mbili baadaye, na hawakutoka kwa mlango wa mbele. Papa Katembo alikuwa mtu wa kuhesabu hatari, na angeweza kusema duka halihusiki. Alitazama mikono ya Mama Julienne, kisha akasema: "Kamateni gari. Sanduku mwende nayo." Mzee Kasereka alichukua koleo zake. Mimi nilichukua barua ya kiwanda, ingawa sikujua itanisaidia nini.

Kapiteni alitupokea uani, kwenye meza chini ya bati. Bastola ya Ilunga ilikuwa mbele yake. Alizungumza Kiswahili cha kambini, Lingala ikiwa nyingi kuliko Kiswahili.

"Likambo nini? Kuna maneno gani? Ninyi ndio muliuzisha?"

"Ni sisi, Kapiteni."

"Basi munajua sheria. Maganda haiko. Masasi haiko. Imekwenda wapi?"

Nikamwambia habari ya mto na kopo. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Walimleta Ilunga, bila viatu, jicho moja limefungika. Aliniambia "Bonjour, Monsieur Muhindo," kana kwamba tuko mpakani, na sauti hiyo ya adabu ndiyo iliyonitia hasira, na hasira ndiyo iliyonipa swali.

"Kapiteni, unasema aliwapa waasi hizi risasi. Waliziweka mu bunduki gani?"

Askari aliyesimama karibu yangu alisogea kidogo, kama mtu anayeacha nafasi ya kitu kuanguka.

"Mwana-kelasi," Kapiteni akasema taratibu, kama kwa mtoto wa shule, "ni miye unaniuliza?"

"Ndiyo, Kapiteni. Nauliza. Hapo ukutani umeweka silaha zote za waasi. Na askari wako zao. Tujaribu."

Alikaa muda mrefu akinitazama. Baadaye Mzee Kasereka aliniambia kwamba muda huo yeye aliutumia kusali rozari nzima, na kwamba hajawahi kusali haraka hivyo. Halafu Kapiteni akatoa bastola yake mwenyewe kiunoni, akatoa risasi zake, akaiweka mezani.

Mzee Kasereka alichukua risasi fupi sandukuni, akaifungua kwa koleo, akamwaga baruti isije ikalipuka, akaifunga tena, akampa. Kapiteni akajaribu. Haikuingia. Akaisukuma kwa kidole gumba. Haikuingia. Wakaleta bunduki za waasi, za kila taifa, nyingine zimefungwa kwa waya. Katika mitutu mipana risasi ilipita moja kwa moja ikaangukia upande wa pili. Katika myembamba ilikataa mlangoni. Askari wakaanza kuja kila mmoja na silaha yake, bila kuitwa, wakibishana na kuchekana. Mmoja aliapa kwamba yake itaingia, akashindwa, wenzake wakamwita fundi. Mwishoni Kapiteni alichukua bastola ya Ilunga na kuiweka ndani. Iliingia bila sauti.

"Sasa masasi hii inafaa nani?" akauliza.

Nilimwonyesha barua. "Kiwanda nacho kinauliza hivyo hivyo, Kapiteni. Nimetembea kutafuta jibu. Inamfaa mtu mmoja tu, ndiye huyu."

Alicheka kwa pua, akaacha kucheka. Akamrudishia Ilunga viatu, si bastola. Bastola ilibaki kwake "kwa uchunguzi", na uchunguzi huo unaendelea mpaka leo. Kisha akamwekea Ilunga kidole kifuani.

"Utaenda. Lakini sikia. Ganda moja ya hii ikionekana ingine mahali, mbali na ile mto yako, sitatafuta mutu mwingine. Ni wewe. Na mara ile sitajaribisha bunduki."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Sikujua bado watu wa soko letu. Askari walisimulia kambini, madereva wakabeba, na kabla ya mwezi kwisha wafanyabiashara wale wale wa Beni walioniuliza "ikiisha nitapata wapi?" walikuwa wamesimama mbele ya meza yetu, Butembo, wakiomba masasi ya Ilunga pamoja na bastola ya kuyapigia. Nilitaka kujua sababu. Mmoja wao, muuza kahawa mwenye kofia nzuri, alinieleza kwa uvumilivu kama mwalimu.

"Wewe ulisoma lakini hauone? Bunduki yangu ya kwanza wanajeshi walichukua, ju inakula masasi yao. Hii haile masasi ya mutu. Hakuna wa kuiiba, hakuna wa kunisingizia. Agiza. Sisi wote tunalipa mbele."

Papa Katembo alitoka nyuma ya meza yake. Sikuwahi kumwona amefurahi hivyo tangu waasi waondoke. Duka lilikuwa limebaki rafu na misumari. Alinishika bega mbele ya wateja.

"Muhindo. Soko ndiyo hii. Andika ndiyo."

Nami, wadogo zangu, niliona kwamba ana haki. Nilikuwa nimeulizwa kama bidhaa hii inaweza kupata soko, na soko lilikuwa limesimama mbele yangu limevaa kofia. Ubaya wote niliouandika katika ripoti yangu ulikuwa umegeuka uzuri. Lakini nilizoea kuuliza swali moja zaidi kuliko linalotakiwa. Ilunga aliokoka kwa sababu alikuwa peke yake. Mtu wa pili akiwa na risasi hizo, risasi zinakuwa na pa kwenda. Wakiwa wengi njia nzima ya Beni, kila ganda litakaloruka katika majani litakuwa na jina moja, la yule ambaye Kapiteni alimwekea kidole kifuani.

Mama Julienne alikuwa ameketi kwenye gunia karibu na mlango. Walikuwa wamehamia Butembo kwa muda mume wake apone jicho, na siku hiyo alikuja kununua uzi. Alikuwa amesikia yote. Alisimama, akauweka uzi juu ya meza bila kuununua, akaanza kujifunga kitenge vizuri kiunoni, kama mtu anayejiandaa kutembea mbali.

Papa Katembo alimwona. Mkono wake ulikuwa bado begani kwangu, nikausikia ukipungua uzito.

"Papa," nikasema, "ganda ya kwanza ikianguka njiani, Kapiteni atamwita nani?"

Aligeuka kwa wateja.

"Ile kitu haitaingia tena."

"Ju ya nini?" muuza kahawa akauliza.

"Kiwanda imekataa."

"Lakini kijana alisema kiwanda ndiyo inatafuta soko."

"Kijana ni wa kuuliza-uliza, anachanganya mambo. Niko na betri ya redio, mupya. Mutaona?"

Wakanung'unika, wakaona betri, wengine wakanunua. Papa Katembo mwenyewe alifunga uzi wa Mama Julienne katika karatasi, akamtia mkononi, naye akauchukua. Jioni hiyo niliandika barua mbele yake: baada ya uchunguzi wetu, hapa hakuna mtu anayehitaji risasi hii. Aliisoma, akatia sahihi, akaniambia kwamba katika maisha yake ya biashara ni bongo ya kwanza inayomgharimu badala ya kumlisha. Mzee Kasereka alizifungua risasi zilizobaki, moja moja, akamwaga baruti, akayaponda maganda yote kwa nyundo. Alifanya kazi hiyo amegeuza kiti, ametuonyesha mgongo.

Jibu la kiwanda lilichukua muda kufika. Siku lilipofika Ilunga alikuwa dukani, jicho limefunguka, anaaga kurudi kazini Kasindi. Niliwasomea wote. Kiwanda kilitushukuru kwa uaminifu wetu, na kikasikitika kwamba watu wa sehemu zetu bado hawako tayari kwa vitu vipya.

Ilunga aliniomba barua, akaisoma mwenyewe polepole mpaka chini, akaikunja vizuri na kunirudishia.

"Ukiwajibu," akasema, "uwaombe wasiharakishe."